Fyuzi ya taa za breki inakata kila baada ya siku mbili: nianzie wapi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro, nami nalifupisha kidogo:

"Fundi, habari za kazi. Nina Corolla ya 1998, AE110, otomatiki. Tangu mwezi uliopita fyuzi ya taa za breki inakata. Naweka mpya, inakaa siku moja au mbili, inakata tena. Ikikata, na gia inagoma kutoka P. Gari halijawahi kunisumbua, na sijafunga kitu chochote zaidi ya redio na spika za nyuma. Buti huwa nabebea mizigo ya duka. Fundi mmoja hapa mtaani ameweka fyuzi ya 30. Leo siku ya nne haijakata, ila asubuhi kwenye foleni ya Msamvu nilisikia harufu kama plastiki inayoungua. Niiache hivyo? Na kama ni kutafuta mwenyewe, nianzie wapi? Nina mita ndogo ya kupimia betri."

Za kazi ni njema, ndugu yangu, na pole. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaitoe hiyo 30. Usingoje jioni. Gari likilala nyumbani siku mbili hutapata hasara kubwa kama ile inayokunyemelea chini ya kapeti.

Haraka yangu inatokana na hilo neno "foleni". Kwenye foleni mguu wako unakaa juu ya breki muda mrefu, na waya wa kwenda taa za breki unabeba umeme wakati ule tu mguu upo pale. Harufu ikija wakati umesimama na breki umekanyaga, kinachopika ni ganda la waya huo. Watu wengi wanadhani fyuzi imewekwa kulinda taa. Globu ikitaka kuungua itaungua, fyuzi ikiwa inatazama tu. Fyuzi inalinda waya. Toyota nyingi za umri wa gari lako zina fyuzi ya 15 pale kwa sababu waya ule mwembamba unahimili kiasi hicho bila kupata joto la hatari. Ukiweka 30, umeme unaweza kufika ampia 30 bila kizuizi, na ampia 30 kwa volti 12 ni wati 360. Hiyo ni kama theluthi ya pasi ya umeme ya nyumbani, imelazwa chini ya kapeti, juu yake kiti cha sponji, na nyuma yake tangi la petroli.

Simlaumu sana huyo fundi. Mimi mwenyewe nilianza kazi hii kwa kufunga fyuzi na karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, na niliyekuwa najifunza kwake aliniona akacheka tu. Mteja anataka gari sasa hivi, fundi anataka ale. Lakini hesabu haidanganyi, tuifanye pamoja.

Taa za breki za nyuma zina globu mbili za wati 21. Ongeza ile ya tatu ya kwenye kioo cha nyuma kama gari lako linayo, tuiwekee 21 pia. Jumla wati 63. Gawanya kwa 12, unapata ampia 5 na kidogo. Mzigo halali wa fyuzi hiyo ni 5, nayo ina uwezo wa 15. Kwa hiyo haikati kwa sababu imechoka, wala kwa sababu "fyuzi za siku hizi ni mbovu", maneno unayoyasikia sana Kariakoo. Kuna mahali umeme unapata njia ya mkato kwenda kwenye bodi kabla haujafika kwenye globu. Hiyo ndiyo shoti. Na kwa kuwa inakaa siku mbili bila kukata, shoti yenyewe haipo muda wote. Waya unagusa, unaachia. Hiyo ndiyo aina inayochosha mafundi, lakini ina njia yake.

Sasa kuhusu gia kugoma P, usitafute tatizo la pili, ni hilo hilo moja. Otomatiki ya Toyota hairuhusu kutoka P mpaka ipate taarifa kwamba umekanyaga breki, na taarifa hiyo inatoka kwenye swichi ya pedali ya breki, swichi ile ile inayowasha taa za nyuma. Fyuzi ikikata, swichi haina umeme wa kupeleka, na gia inaamini hujakanyaga. Nimeshaona watu wakishusha gia boksi kwa ugonjwa huu. Ukikwama njiani, vuta handibreki kwanza, kisha tafuta kando ya mkono wa gia kitundu au kifuniko kidogo kilichoandikwa SHIFT LOCK. Bonyeza ndani kwa bisibisi huku ukikanyaga breki, gia itatoka. Ni msaada wa kulifikisha gari pembeni ya barabara tu, maana bila taa za breki lori lililo nyuma yako halijui unasimama.

Hii habari ya swichi ina faida nyingine kubwa kwako. Kwenye gari lako taa za breki zinawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni, kwa hiyo umeme unakaa kwenye fyuzi hiyo muda wote, ukisubiri kwenye swichi iliyo juu ya pedali. Swichi ndiyo mlango. Chukua fyuzi mpya ya 15, iweke bila kugusa pedali. Ikikata pale pale, ubaya uko kati ya fyuzi na swichi, yaani kwenye kipande kifupi kilicho chini ya dashibodi, na huna haja hata ya kufungua buti. Ikibaki nzima mpaka ukanyage, ubaya uko baada ya swichi, kuelekea nyuma. Kwa jinsi ulivyoeleza, wewe uko kundi la pili. Kwa kuipoteza fyuzi moja ambayo bei yake haifiki soda, umeshalikata gari nusu.

Boksi la fyuzi liko chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na goti, na jingine liko chini ya boneti karibu na betri. Ya breki imeandikwa STOP. Magari mengi yaliyotoka Japani moja kwa moja mfuniko wake una Kijapani, basi piga picha kwa simu uisome taratibu, au tafuta kwa mikono: toa fyuzi moja moja, mtu akikanyaga breki, uone ipi inazima taa. Rangi zitakusaidia. Nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20, nyeupe inayoonyesha ndani ni 25, kijani ni 30. Kahawia ni 7.5. Ukiona kijani mahali mfuniko unasema 15, umeshajua historia ya gari hilo.

Fyuzi zilizokata umezitupa? Kama unazo, zitazame kwenye mwanga, maana fyuzi iliyokufa inasema imekufaje. Ikiwa dirisha lake la plastiki limerukiwa na weusi au chembe za kung'aa, ilikata kwa kishindo, shoti ya waya kugusa bodi moja kwa moja. Ikiwa waya wa ndani umeyeyuka taratibu na plastiki imelegea, ilibebeshwa mzigo kupita kiasi kwa muda. Ikiwa ni ufa mwembamba tu, hakuna weusi, hakuna kuyeyuka, inawezekana ilichoka kwa mtikisiko na umri, na hiyo ndiyo pekee unayoruhusiwa kubadilisha ukasahau. Usiamini macho peke yake, lakini. Kuna ufa usioonekana. Juu ya kila fyuzi ya miguu bapa kuna vitundu viwili vidogo vyenye chuma. Gusa kimoja kimoja kwa testa ya taa, klipu yake ukiwa umeibana kwenye chuma kisafi cha bodi. Vyote viwili vikiwasha, fyuzi ni nzima. Kimoja tu, imekata. Hakuna kinachowasha, labda fyuzi hiyo inapata umeme ufunguo ukiwa ON tu. Ya STOP haihitaji ufunguo.

Niseme neno kuhusu mita yako. Ni nzuri kwa betri: 12.6 gari likiwa limezimwa na limetulia, na kati ya 13.8 na 14.4 injini ikiwaka, hapo betri na alteneta wako sawa. Lakini kwenye kutafuta matatizo ya nyaya inaweza kukudanganya mchana kweupe. Waya uliooza mpaka ukabaki na uzi mmoja wa shaba, mita itausomea volti 12 safi kabisa, kwa sababu mita haili umeme wowote wa maana. Ukiuwekea globu, hauwashi. Ndiyo maana kifaa changu ninachokipenda hakizidi shilingi elfu chache, na nakuomba ukitengeneze leo.

Chukua fyuzi moja uliyoiunguza, ile ile iliyokukera. Kwangua plastiki ya juu mpaka miguu yake miwili ionekane vizuri. Chomelea waya mmoja kwenye kila mguu kwa risasi, fundi redio yeyote atakufanyia kwa dakika tano. Nyaya ziwe ndefu, mita nne hivi, utaona sababu. Upande wa pili funga holda ya taa ya nyuma uliyookota kwenye chuma chakavu, uweke globu ya wati 21. Basi, una fyuzi yenye taa.

Inafanya kazi hivi: ukiichomeka mahali pa fyuzi, umeme wote wa taa za breki unapita kwanza kwenye globu yako. Globu ya wati 21 haiwezi kupitisha zaidi ya ampia 1.75, hata waya uwe umekaa kwenye bodi moja kwa moja. Hakuna kinachoungua, hakuna fyuzi unayopoteza, na unaweza kutafuta asubuhi mpaka jioni. Shoti ikiwepo, globu inawaka kwa nguvu yote. Shoti ikiachia, inazima au inafifia. Globu inakuwa jicho lako.

Nenda buti, ondoa globu zote za breki, za pande zote mbili na ile ya tatu kama ipo. Hakikisha umeziondoa, maana zikibaki, globu yako itawaka kupitia hizo na utafukuza kivuli. Acha ufunguo nje. Bana pedali kwa kipande cha mbao kati ya pedali na kiti. Pitisha globu yako dirishani mpaka uione ukiwa umeinama ndani ya buti, ndiyo kazi ya zile mita nne. Kama waya haufiki, mpe mtoto kazi ya kukaa mbele na kupiga kelele "imewaka!" Wangu aliifanya kazi hiyo tangu yuko darasa la tatu.

Ikiwa imewaka tangu mwanzo, bahati yako, shoti ipo na haijajificha. Ikiwa haijawaka, anza kuitafuta kwa vurugu. Sukuma kila tita la nyaya. Gonga taa za nyuma kwa kiganja. Funga na ufungue buti. Kaa kwenye kiti cha nyuma uruke ruke. Siku moja au mbili kabla ya kukata ina maana kuna kitu kinachohitaji kutikiswa, kubanwa au kulowa. Jiulize: zilipokata, ulikuwa na mzigo? Mvua ilinyesha usiku? Ulipita njia mbovu? Ukiandika kila inapokata kwenye simu yako, ya tatu au ya nne itakuonyesha mwelekeo.

Kwa gari lako mimi nimeshasimama kwenye maneno yako mawili. La kwanza ni "zaidi ya redio na spika za nyuma". Watu husema "sijafunga kitu, zaidi ya…" na hilo "zaidi ya" ndilo linalonilipia ada za shule. Spika za nyuma zinakaa kwenye ubao ulio chini ya kioo cha nyuma, na waya wa taa ya tatu ya breki, kama ipo, unapita hapo hapo. Mfungaji anakata tundu, anapiga skrubu ndefu kutokea juu, haoni ncha inatokea wapi. Skrubu ikipita kwenye ganda la waya bila kuukata, hakuna kitu utakachokiona siku hiyo. Waya unakaa umeegemea chuma, unasuguliwa na mtetemo wa spika yenyewe, mpaka miezi baadaye shaba inafika. Kwa hiyo ingia ndani ya buti, lala chali, tazama juu na tochi ya simu. Tafuta ncha za skrubu na waya unaozipitia.

La pili ni mizigo ya duka. Nyuma ya taa za Corolla kuna pazia jepesi tu la kapeti gumu au karatasi iliyoshindiliwa. Kreti ya soda au boksi lenye pembe likiegemea pale, linasukuma holda na nyaya kwenye chuma. Ondoa pazia hilo pande zote mbili. Unatafuta waya uliobanwa, ganda lenye alama ya kung'aa kama limepigwa pasi, au tepu nyeusi ambayo kiwanda hakikuiweka. Kiwanda hufunga nyaya kwa mpangilio. Ukiona fundo la tepu linalonata, kuna mtu amewahi kupita hapo, na hapo ndipo pa kuanzia. Alamu za gari mara nyingi nazo hufungwa kwa kuchuna waya na kusokota mwingine juu yake. Gari la 1998 limeshapitia mikono mingi, hata kama wewe hujafunga alamu, aliyekutangulia huenda alifunga na akaitoa akaacha vipande.

Kama bado globu haijawaka, rudisha globu za breki moja moja, ukitazama. Ukiweka ya kushoto peke yake, globu yako na ile ya kushoto zitagawana umeme, zote mbili zitawaka kwa uvivu. Hiyo ni sawa. Lakini kama globu yako inawaka kwa nguvu na ile ya nyuma imelala, ubaya uko kwenye holda hiyo. Toa globu utazame ndani yake. Kuna holda zilizoyeyuka mpaka chuma cha katikati kimeegemea ukingo. Kuna globu zilizolazimishwa: zile za nyuzi mbili, 21 na 5, zina vipini viwili pembeni ambavyo haviko kimo kimoja, ili ziingie upande mmoja tu. Mwenye vidole vya nguvu anaweza kuzigeuza zikaingia kinyume. Na kuna ile ambayo uzi mmoja umekatika ndani ya kioo ukaangukia wa pili. Hii ina dalili ya kuchekesha: ukikanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka mchana, kwa sababu umeme wa breki umerudi kupitia njia ya taa ndogo. Ukiona hivyo, badilisha globu kabla hujagusa kitu kingine.

Usichanganye hayo na ethi mbaya. Ethi mbaya haikati fyuzi, inaleta vioja. Unakanyaga breki, indiketa inafifia. Unawasha indiketa, taa ya breki inapepesa. Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye bodi, unazunguka kupitia globu za jirani. Tafuta waya mweupe wenye mstari mweusi uliofungwa kwa boliti kwenye chuma ndani ya buti, fungua, paka msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Kwa ndugu zetu wa Tanga, Zanzibar na Mombasa wanaosoma hili, anzeni na ethi kabla ya kitu chochote. Chumvi ya bahari inafanya shaba iwe kijani, na nusu ya magari yanayonijia kutoka pwani na "tatizo la umeme" yanapona kwa msasa na mafuta kidogo ya grisi.

Nikuonyeshe moja niliyokutana nayo, upate picha. Lilikuja gari la mlango wa nyuma, lile aina ya wagoni, fyuzi ya TAIL inakata usiku tu. Kabla ya kwangu lilikuwa limeshabadilishiwa alteneta gereji nyingine. Nikachomeka fyuzi yangu yenye taa, nikawasha taa ndogo, globu ikabaki imefifia vizuri. Nikafungua mlango wa nyuma, ikaruka ikawaka nyeupe. Nikaufunga, ikafifia. Nikaufungua nusu, ikawaka. Pale juu ambapo mlango unakunjika kwenye bawaba kuna mpira mweusi kama koo la kuku, nyaya zinapita ndani yake. Niliuvuta ukatoka. Nyaya sita, na tatu kati yake ganda limepasuka kama mua uliokauka, shaba inang'aa, zinasuguana kila mlango unapopanda. Kwa nini usiku tu? Taa ndogo zinawashwa usiku tu. Mwenye gari alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza alteneta ya zamani iko wapi. Ikiwa Corolla yako ina spoila yenye taa ya breki juu ya buti, waya wake nao unapita kwenye bawaba, usiache kuutazama.

Ukishapaona, kabla ya kuanza kukata na kuunga, fungua ncha ya negetivu ya betri. Redio itasahau stesheni, saa itarudi sifuri, si kitu. Kata kipande kilichoharibika chote, weka waya wa unene ule ule, chomelea kwa risasi au tumia viungio vya kubana vya magari, kisha vaa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota na kufunga tepu ni kujiwekea miadi na mimi mwakani. Baada ya hapo usirudishe waya pale pale ulipokuwa unasuguliwa. Ufunge kwa zipu pembeni, mbali na skrubu na mbali na mizigo.

Na kwa kuwa gari limetembea na 30 kwa siku nne, kuna kazi moja ya ziada ambayo ungeikwepa. Inua vizingiti vya milango upande ambao tita la nyaya linapita kwenda nyuma, ukunje kapeti, upapase waya huo kwa vidole kwa urefu wake. Ganda lililopikwa huwa gumu, au linang'aa, au limeshikana na la jirani. Tazama pia boksi la fyuzi kwa chini: plastiki ya STOP isiwe imegeuka kahawia. Chomoa plagi ya swichi ya breki utazame vipini vyake. Jambo moja usiguse ukiwa huko chini: nyaya zilizovikwa ganda la manjano. Hizo ni za erbegi, na testa yako haina biashara nazo.

Ukimaliza, weka 15 ya buluu, globu zote mahali pake. Kama mita yako inapima ampia mpaka 10, toa fyuzi, weka ncha zake kwenye miguu ya boksi, mwambie mtu akanyage breki. Usome karibu na 5. Ikizidi 6 kuna kitu bado kinakula. Nunua fyuzi tano za kampuni inayojulikana, si zile za mfuko wa rangi zote kwa bei ya moja. Niliwahi kutoa fyuzi ya 10 ya mtaani iliyoyeyusha plastiki yake yenyewe kabla waya wa ndani haujakata, yaani imekufa mwili, roho bado ipo.

Kwa wengine wenye Toyota za miaka ile ambao hawana tatizo la breki, haraka haraka: taa za dashibodi na za namba zikizima pamoja usiku, angalia TAIL. Mishale ya dashibodi ikilala na taa za rivasi zisiwake, angalia GAUGE, na ikikata unapoingiza rivasi, fuata waya wa taa za rivasi. Redio kimya na chaja ya simu haichaji, angalia CIG, kisha tia tochi ndani ya tundu la kiberiti: mara nyingi kuna sarafu au karatasi ya peremende. Na kama gari limekufa kabisa baada ya mtu kubusti na kugeuza nyaya za betri, usichomoe chochote kwenye boksi la boneti. Fyuzi kubwa ya ALT nyingi zimefungwa kwa boliti, ukiivuta kwa koleo utavunja boksi lote.

Wewe wa Morogoro, anza na ubao wa spika. Ukipata skrubu inayogusa waya, nipigie picha kabla hujaitoa.